Nataka kujifunza kujipodoa mwenyewe kabla ya sendoff ya mdogo wangu: nianzie wapi?

Mwalimu wa Morogoro ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina umri wa miaka 33, na mpaka leo sijawahi kujipodoa kwa mkono wangu zaidi ya kupaka mafuta, poda na wanja kidogo siku za sikukuu. Mdogo wangu wa kike atafanyiwa sendoff, yaani sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, baada ya miezi 3, na kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, nitakuwa mbele ya watu tangu anapoingia ukumbini mpaka keki inapokatwa. Ningependa siku hiyo nijipodoe mwenyewe, na baadaye niweze kufanya hivyo hata siku ya kawaida ya kwenda kazini bila kumtegemea mtu.

Sababu ya kuikwepa saluni ni kwamba siku ya mahafali yangu ya shahada nilipelekwa kwa mpambaji aliyekuwa na chupa 2 tu za faundesheni, ile rangi ya kupaka uso mzima, kwa wateja wote waliokuwa wamepanga foleni. Kwenye kioo chake, chini ya taa zile kali, nilijiona napendeza. Nilipotoka nje nikakutana na jua la saa nne, rafiki yangu akanivuta pembeni na kuniambia kwa upole kwamba uso wangu ulikuwa wa kijivu, kama uliopakwa majivu, huku shingo ikiwa imebaki na weusi wangu wa kuzaliwa. Hapakuwa na muda wa kunawa. Picha zile mama amezitundika sebuleni kwa sababu anajivunia shahada ya mwanawe, nami kila nikizitazama nasikia uchungu ambao sijawahi kumweleza.

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo nikanunua faundesheni ambayo muuzaji alinichagulia kwa kunipaka mgongoni mwa kiganja, poda nyeupe ya kumalizia, seti ya brashi 12, sponji, maskara, penseli nyeusi ya nyusi na lipstiki 2. Nimekuwa nikijaribu kila Jumamosi kwa kufuata video, lakini baada ya saa moja pua inang’aa mafuta, faundesheni inajikusanya kwenye mistari ya kando ya mdomo, na nyusi zangu zinaonekana kama zimechorwa kwa kipande cha mkaa. Ngozi yangu ni nyeusi, yenye mafuta kwenye paji la uso na pua, kavu mashavuni, na ina madoa ya chunusi za zamani. Naomba mnisaidie kujua kosa langu liko wapi, nijifunze nini kwanza, na kama vitu nilivyonunua vinafaa au nimepoteza fedha.

---

Mpambaji wa Sinza amejibu:

Mdogo wangu, pole kwa yale ya mahafali. Nimefanya kazi hii kwa miaka 11 hapa Dar es Salaam, na ninakuhakikishia kwamba kisa chako nimekisikia kutoka kwa wateja wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nitakujibu kwa urefu kuhusu rangi ya faundesheni, kwa sababu hapo ndipo penye kosa lako, na mtu akishapapata hapo mengine yote huwa mepesi.

Uso kuwa wa kijivu hakumaanishi kwamba ngozi nyeusi haifai kupodolewa. Maana yake ni kwamba kilichopakwa juu yake ni cheupe kuliko ngozi, au kina mwelekeo wa rangi usiolingana na ulio chini ya weusi wako. Weusi si rangi moja. Wapo watu weusi ambao chini ya ngozi yao kuna wekundu, wapo wenye umanjano kama wa asali, na wapo wale weusi sana ambao ngozi yao inaelekea kwenye ubuluu. Ukimpaka mwenye wekundu faundesheni yenye waridi na weupe mwingi, lazima kijivu kitokee. Katika video wanakuambia utazame mishipa ya damu kwenye kifundo cha mkono, kama ni ya kijani au ya buluu, lakini kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu ambao mishipa yao inaonekana vizuri, na kwa wengi wetu hakisaidii kitu.

Kipimo ninachokutuma ukakifanye ni hiki. Nenda dukani ukiwa umenawa uso, bila poda. Omba rangi 3 zinazokaribiana, kisha upake mstari mwembamba wa kila moja kuanzia chini ya shavu, upite juu ya taya, uishie shingoni. Usikubali kupimiwa mgongoni mwa kiganja, kwa kuwa sehemu hiyo hupigwa na jua kila siku na haina rangi ya uso wala ya shingo. Baada ya kupaka, toka nje ya duka usimame kivulini mchana, usubiri dakika 10 hadi 15, kwa sababu faundesheni nyingi hubadilika na kukoza zinapokutana na hewa na mafuta ya ngozi, na ile iliyokuwa sawa dukani inaweza kuwa nyeusi mno ukifika kwenye kituo cha daladala. Ndipo utazame kwenye kioo kidogo. Mstari ambao huuoni tena umeanzia wapi na umeishia wapi ndio wako. Muuzaji atakayekukatalia kutoka nje asikuudhi. Muage tu na uende duka la pili.

Utagundua pia kwamba paji la uso na sehemu inayozunguka mdomo ni nyeusi kuliko mashavu. Hiyo ni kawaida kwetu na wala si kasoro. Usitafute rangi ya shavu peke yake, tafuta ile inayolingana na shingo na kifua, maana gauni la sherehe litaacha kifua wazi na picha itavichukua vyote kwa pamoja. Kama hukupata rangi moja inayolingana, nunua 2 za kampuni moja, moja iliyokoza kidogo na nyingine nyepesi kidogo, uwe unazichanganya kwenye kisahani. Mimi mwenyewe hufanya hivyo kwa wateja wengi, na uwiano hubadilika kati ya kiangazi na masika.

Nataka ujue pia kwamba tatizo hili lina historia yake, na halikuanzia kwenye saluni uliyokwenda. Kwa miaka mingi viwanda vikubwa vilitengeneza rangi chungu nzima za watu weupe na chache mno za watu kama sisi, ndiyo maana nchini Marekani Eunice Johnson alianzisha Fashion Fair, vipodozi vya wanawake weusi, mwaka 1973, na Iman, mwanamitindo aliyezaliwa Mogadishu, akaanzisha vipodozi vyake mwaka 1994. Mwaka 2017 mwanamuziki Rihanna alipozindua vipodozi vya Fenty Beauty kwa rangi 40 za faundesheni kwa siku moja, zikiwemo za watu weusi sana, wenye viwanda wengine wakaanza kuharakisha kuongeza za kwao. Bidhaa hizo zilifika rasmi Kenya mwaka 2022. Sikutumi ukanunue hizo, kwa kuwa bei yake ni kubwa na zipo za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Nimeyasema ili ukizitazama zile picha sebuleni ujue kwamba ngozi yako haikuwa na hatia yoyote.

Sasa kuhusu vitu ulivyonavyo. Katika brashi 12, unazozihitaji kwa sasa ni 2, yaani ile kubwa ya poda na ile ndogo iliyokatwa mshazari kwa ajili ya nyusi. Sponji inafaa sana, ila iloweshe kwanza, uikamue mpaka isidondoshe tone, ndipo uitumie kwa kugongagonga, si kwa kufuta. Poda nyeupe iweke kando kabisa, ununue yenye rangi ya ngozi yako au yenye umanjano, na uipake kwenye paji la uso, pua na kidevu tu, kwa kuwa mashavu yako ni makavu na poda itayafanya yaonekane kama yamechakaa.

Faundesheni inajikusanya kando ya mdomo kwa sababu ni nyingi. Anza na kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima, uiweke katikati ya uso na kuisambaza kuelekea nje, na ukifika kwenye taya iwe imekaribia kwisha. Pale penye doa la chunusi ndipo uongeze konsila, yaani krimu nzito ya kufichia madoa, kidogo kwa ncha ya kidole. Kama doa ni jeusi sana, au kama chini ya macho pana weusi wenye ubuluu, tanguliza rangi ya chungwa kidogo mno chini ya faundesheni, kwani chungwa na buluu huuana. Ukipaka konsila nyepesi moja kwa moja juu ya weusi ule, utarudi kwenye majivu yale yale.

Jambo la mwisho ni lile unalolifanya kabla ya yote. Kama unapaka mafuta ya mgando usoni asubuhi halafu faundesheni juu yake, itateleza tu, hata ungenunua ya bei gani. Nawa, paka losheni nyepesi isiyo na mafuta mengi, paka kinga ya jua, subiri dakika 5 hadi 10, kisha uanze. Wiki 2 za mwanzo usiguse macho wala nyusi. Fanya ngozi tu, kila jioni ukirudi kazini, halafu unawe.

---

Mama wa Kibokoni amejibu:

Mwanangu, dada wa Sinza amesema kweli tupu, nami nitakuongezea la nyusi na la wanja, kwa kuwa huku Mombasa hayo tumeyajua tangu tulipokuwa wasichana wa kuchezea vioo vya mama zetu.

Nyusi zako zinafanana na mkaa kwa sababu 2. Ya kwanza ni penseli nyeusi. Hata kama nywele zako ni nyeusi ti, chukua ya kahawia iliyokoza, kwani nyusi zina uwazi kati ya unywele na unywele, na wino mweusi ukiujaza uwazi ule wote uso hukunja hasira. Ya pili ni kwamba unachora mstari mmoja mrefu. Chonga penseli iwe na ncha kali, uchore vijistari vifupifupi kufuata mwelekeo wa nywele, na mwanzo wa nyusi kule karibu na pua uuache mwepesi, ukoze katikati na mwishoni. Ukimaliza, pitisha kijibrashi cha maskara kilichooshwa ili kulainisha. Kujua nyusi ianzie wapi, simamisha penseli kando ya pua iende juu moja kwa moja. Kujua iishie wapi, ilaze kutoka kando ya pua ipite kwenye pembe ya nje ya jicho. Na usikimbilie kutinda. Nyusi zilizotindwa sana zamani, wengi wetu hazikurudi kama zilivyokuwa, nami ni mmoja wao. Ng’oa zile chache tu zilizo chini ya upinde, kwa kibanio, siku 2 au 3 kabla ya sherehe na si asubuhi yake, maana ngozi huvimba na kuwa nyekundu.

Kuhusu wanja, sisi tulipakwa wanja wa manga tangu uchanga, na harufu yake mimi hunikumbusha nyumba ya bibi yangu, kwa hivyo yanayofuata siyasemi kwa wepesi. Wanja mwingi wa unga unaouzwa bila jina la mtengenezaji hutokana na jiwe la galena, ambalo ndani yake mna madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini hudhuru ubongo na damu, hasa kwa watoto. Nchini Marekani hairuhusiwi kabisa kuuuza kuwa kipodozi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwapaka wajukuu wangu na nimeacha. Kwa macho yako tumia penseli ya kisasa yenye jina la kiwanda na tarehe ya kwisha muda. Paka kwenye mzizi wa kope, usitie ndani ya jicho ukiwa bado unajifunza, na mkono ukitetemeka weka kiwiko juu ya meza.

Hiyo hiyo penseli ya kahawia utaitumia kuzungushia midomo kabla ya lipstiki. Midomo yetu mingi ina rangi 2, wa juu umekoza na wa chini ni mwepesi, kwa hivyo rangi ya lipstiki uliyoipenda dukani itatoka tofauti juu na chini. Jaza mdomo wa chini kidogo kwa penseli ile kwanza, ndipo upake.

Kama mtapaka hina kwa ajili ya sendoff, ni jambo jema, lakini kataeni piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi. Nimeona mikono ya mabibi harusi ikitumbuka malengelenge siku ya harusi yenyewe, na makovu yakabaki.

---

Mwalimu wa Morogoro ameandika:

Shikamoo mama, na wewe dada wa Sinza shikamoo. Nimesoma majibu yenu mara 3 na nimeyanakili kwenye daftari. Jana nilikwenda mjini nikafanya kipimo cha mistari 3, na ilipofika dakika ya 12 nje ya duka mstari wa kati ulikuwa umepotea kabisa. Nilishindwa kuzuia tabasamu. Ilikuwa rangi iliyokoza kuliko ile ya Kariakoo kwa daraja 2.

Nina swali lingine. Muuzaji aliponiona natazama madoa yangu alinipa kikopo cha krimu kisicho na maandishi, akasema wao huichanganya wenyewe na kwamba ndani ya wiki 2 madoa yote yataondoka na uso utakuwa wa rangi moja, hivyo nitahitaji faundesheni kidogo tu. Sijaifungua bado. Je, niitumie?

---

Mfamasia amejibu:

Usiifungue, na wala usimpe mtu mwingine. Hicho ndicho kinachoitwa mkorogo.

Krimu inayoondoa madoa kwa wiki 2 karibu kila mara ina moja kati ya vitu 3. Ya kwanza ni zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na huweza kumdhuru hata mtoto anayebebwa na aliyeipaka. Ya pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumika kwa muda mrefu humwachia mtu mabaka meusi yenye ubuluu, na mabaka hayo ni magumu kutibu kuliko madoa aliyoanza nayo. Ya tatu ni dawa kali za jamii ya steroidi, kama vile klobetasoli na betamethasoni, ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa maalumu na kwa muda mfupi. Zikipakwa usoni kila siku huikondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana, huleta chunusi mpya, na mtu akiacha ghafla uso huwaka. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Kuhusu zebaki, dunia nzima ina Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walipata sumu kutokana na maji taka ya kiwanda, na nchi wanachama zilipokutana Geneva mwaka 2023 zilikubaliana kwamba kufikia mwaka 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome.

Hata ukiiacha afya kando, tazama jambo hili kwa upande wa kujipodoa. Umetumia jitihada kubwa kupata rangi inayolingana na shingo yako. Ukiuchubua uso, baada ya wiki 2 uso na shingo vitakuwa vya watu 2 tofauti, na faundesheni uliyoipata jana haitakufaa tena.

Madoa ya chunusi hupungua yenyewe kwa miezi, na kinachoyachelewesha ni jua na kuyabinya. Kwa hiyo kinga ya jua ya kila siku, yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, ndiyo dawa yako ya kwanza. Wengi hudhani ni kitu cha watu weupe na cha ndugu zetu wenye ualbino. Kwa wenye ualbino ni suala la uhai, lakini hata ngozi nyeusi inanufaika, kwa kuwa jua ndilo linalolifanya doa likoze. Ukiona chunusi mpya zinaendelea, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukaonane na daktari.

Kila kipodozi kipya kijaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono, usubiri siku 2. Maskara itupe baada ya miezi 3 tangu ulipoifungua, hata kama haijaisha, na usiitumie na mtu mwingine, hata mdogo wako. Ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024, nilikuwa nikiwauliza wateja wangu wa kike kama wanatumia maskara na mtu mwingine kabla ya kuwauzia dawa ya matone.

---

Mpiga picha wa sherehe, Mwanza amejibu:

Nami nina neno moja, kwa sababu picha ndizo zitakazobaki. Wapo dada ambao wanapendeza kabisa ukiwatazama kwa macho, lakini mwanga wa kamera ukipiga, uso unarudisha weupe kama wamemwagiwa unga. Husababishwa na poda laini sana za silika zikipakwa kwa wingi, na pia kinga za jua zenye oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, ambazo hurudisha mwanga. Kila siku ya kawaida hazina shida. Kwa usiku wa ukumbini, ambapo jua halipo, dada anaweza kuziacha.

Njia ya kujihakikishia ni rahisi. Siku ya mazoezi ukishamaliza kujipodoa, zima taa za chumbani na umwombe mtu akupige picha kwa simu, mwanga wa simu ukiwaka, kutoka umbali wa hatua 2. Piga ya mbele na ya upande, kifua kikionekana. Kama ni tatizo litaonekana hapo hapo, na utakuwa na muda wa kulirekebisha. Natamani kila mtu anayekuja mbele ya kamera yangu angefanya hivyo, kwani hakuna kitu kinachonisikitisha kama kumkabidhi mtu albamu nikijua kwamba hatafurahi atakapoifungua.

---

Mwalimu wa Morogoro ameandika, wiki 7 baadaye:

Wapendwa, nimerudi kuwaeleza nilipofika. Wiki 2 za kwanza nilifanya ngozi tu kama nilivyoagizwa, na ilinichukua karibu saa nzima kila jioni. Sasa natumia dakika 25 na nyusi zimo. Nyusi ya kulia bado inakaa juu kidogo kuliko ya kushoto, nami nimegundua kwamba mifupa yenyewe ndivyo ilivyo, kwa hiyo nimeacha kuzipigania. Mafuta ya mgando nimeyahamishia miguuni. Krimu ile ya kikopo nilimrudishia muuzaji nikamweleza nilichoelezwa hapa, alinyamaza, hakubishana.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kazini nikiwa nimejipodoa kwa mara ya kwanza. Mwalimu mwenzangu alinitazama akaniuliza kama nimelala vizuri. Hakuona faundesheni, aliona uso wangu, na nilifurahi kupita ninavyoweza kueleza.

Picha ya gizani nimepiga mara 2. Ya kwanza pua ilikuwa nyeupe, nikapunguza poda, ya pili imetoka sawasawa na kifua. Nimebakiwa na swali dogo. Gauni langu ni la kuvaliwa kupitia kichwani na shingo yake ni nyembamba. Nivae kwanza nijipodoe baadaye, au nijipodoe kwanza? Na vipi kuhusu machozi, maana najijua, mdogo wangu akianza kumshukuru mama nitalia.

---

Mpambaji wa Sinza amejibu:

Hongera sana, mdogo wangu. Ulipofika wewe kwa wiki 7, wapo wanaochukua mwaka mzima.

Gauni la shingo nyembamba livae kwanza, kisha ujifunge khanga 2, moja kifuani na nyingine mabegani, ndipo ukae kujipodoa. Lipstiki iwe ya mwisho kabisa, baada ya khanga kuvuliwa. Anza saa moja na nusu kabla ya muda wa kutoka nyumbani, kwa sababu siku hiyo mtakatishwa mara nyingi na simu na wageni, na usiketi karibu na jiko wala chini ya feni inayokupuliza usoni.

Kwa machozi, tumia maskara isiyoingia maji, na kope za chini uziache bila kitu. Usifute kwa kidole. Kunja tishu iwe na ncha, uiguse kwenye pembe ya ndani ya jicho kabla chozi halijashuka, kisha inamisha kichwa kidogo mbele ili yaliyobaki yadondoke yenyewe bila kupita shavuni. Jasho nalo libonyeze kwa tishu, usilifute, na usiongeze poda mpaka tishu itoke kavu. Weka kwenye pochi tishu, poda ndogo na lipstiki. Vingine vyote viache nyumbani.